Shaba Iliyobaki Udongoni

Wakati wa kiangazi, upepo wa Lubumbashi hutoka kusini-mashariki. Wakazi wa mji huo wa Katanga hawakuhitaji chombo cha kuwaambia hivyo. Kwa takriban miaka 80 walikuwa na dohani ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, na moshi wake uliwaonyesha upepo unakokwenda tangu alfajiri hadi usiku. Ulikwenda kaskazini-magharibi. Huko, kwenye bonde la Penga Penga na mitaa ya jirani, miti ya miombo ilikufa kwanza, nyasi zikafuata, kisha mvua zikaanza kuzoa udongo uliokosa mizizi ya kuushika. Leo dohani haifuki kama zamani, na vijana wengi wa mji hawakuwahi kuuona ule moshi ulipokuwa mzito. Shaba iliyoanguka pamoja nao, hata hivyo, ingalipo pale pale ilipoangukia, nyingi yake katika sentimita chache za juu za udongo.

Sumu nyingi hufikia mwisho wake. Mafuta yaliyomwagika huliwa na bakteria, dawa za kuua wadudu huvunjika, hata mionzi hupungua nguvu. Metali haiozi wala haiungui. Shaba iliyotua Penga Penga mwaka 1930 ni ileile, chembe kwa chembe, na itakuwa ileile mwaka 2130. Aliyerithi ardhi ya namna hiyo anaweza kuuchimba udongo wote akaupeleka mahali pengine, maana yake akaihamishia balaa kwa jirani kwa gharama kubwa. Au anaweza kuuacha udongo ulipo, akatafuta namna ya kuifanya metali isitembee: isipande kwenye jani, isishuke kwenye maji ya kisima, isiondoke na mkondo wa mvua. Njia hii ya pili ina historia yake, imepita kwenye mashamba ya mizabibu ya Ufaransa na vilima vyeusi vya Kanada, na ilipofika Katanga ilikuta watu na mimea waliokwisha kuishi na shaba kwa karne nyingi.

Kabla ya reli na kampuni, wayeyushaji wa Katanga walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Walichimba malakiti, lile jiwe la kijani linalobeba shaba, wakajenga matanuru kwa udongo wa vichuguu, wakarundika makaa na kuvuvia kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ikishayeyuka waliimimina kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha; imefukuliwa kwenye makaburi ya bonde la Upemba, na pia Ingombe Ilede, kando ya Zambezi. Katikati ya karne ya 19 akaja Msiri, mfanyabiashara kutoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Alijenga makao yake Bunkeya na kushika biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, hadi tarehe 20 Desemba 1891, alipopigwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake, Bayeke, walijulikana kwa ufundi wa kuivuta shaba iwe uzi mwembamba wa bangili.

Mafundi hao wa kale nao walichafua udongo mahali walipoyeyushia, ingawa kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na kilichokuja baadaye. Tunalijua hilo kwa sababu ya ua. Haumaniastrum katangense ni mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaopenda udongo wenye shaba, na kandokando ya Lubumbashi umeota kwenye maeneo ambayo hayana madini asilia chini yake. Wataalamu wa akiolojia walipochimba chini ya maua hayo walikuta mabaki ya matanuru. Tanuru lilibomoka, aliyelijenga alisahaulika, lakini shaba iliyomwagika ilikuwa bado inachagua nini kiote hapo na nini kisiote. Nadhani hakuna maabara iliyowahi kutoa ushahidi bora zaidi kuhusu umri wa uchafuzi wa metali.

Vilima vyenye madini navyo vilikuwa na mimea yao. Miti haioti juu yake, kwa hiyo kutoka mbali huonekana kama vipara katikati ya msitu, na wachimbaji wa kale walivitambua kwa alama hiyo. Miaka ya 1950 mwanabotania Mbelgiji Paul Duvigneaud alivipanda kimoja baada ya kingine akiandika orodha ya kila kinachoota. Miongoni mwa mimea ya vilima hivyo kuna nyasi fupi inayoota kwa mafungu, isiyo na sura ya kumvutia mpita njia. Wanasayansi waliiita Rendlia altera, siku hizi huitwa Microchloa altera. Itarudi baadaye.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji mpya ukapimwa na kuitwa Élisabethville, na tarehe 30 Juni 1911 tanuru likamwaga shaba yake ya kwanza. Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka vijiji vya Kongo yenyewe, na baadaye kutoka Rwanda na Burundi. Katika kambi zao ndimo Kiswahili cha Katanga kilipopata sura yake ya leo. Madini ya mwanzo yalitoka mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku, na mengi yalikuwa malakiti. Malakiti haina salfa. Mambo yalibadilika mgodi wa Kipushi, yapata kilomita 30 kutoka mjini, ulipoanza kuleta madini yake miaka ya 1920. Hayo yalikuwa shaba na zinki zilizofungamana na salfa, na kuyachoma ni kuirusha salfa hewani.

Kwa hiyo vitu viwili viliteremka pamoja na ule moshi. Kimoja kilikuwa vumbi la metali: shaba hasa, lakini pia zinki, risasi, kobalti, kadimi na aseniki. Cha pili kilikuwa asidi iliyotokana na salfa. Kila kimoja kingekuja peke yake, madhara yangekuwa madogo kuliko yalivyokuwa.

Sababu yake iko kwenye chembe za udongo. Chembe za mfinyanzi, za mboji na za kutu nyekundu ya chuma zina sehemu zenye chaji ambamo metali hukaa, kama abiria kwenye viti vya daladala. Shaba ina nguvu ya kung'ang'ania kiti. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha uchachu) karibu na 7, sehemu kubwa sana ya shaba imekaa, nyingine imeganda kama kaboneti au haidroksidi, na ndani ya maji ya udongo inaelea kidogo tu. Asidi ikiingia, hidrojeni hujaza viti na kumwinua aliyekuwa amekaa. Kila pH inaposhuka kwa namba moja, hidrojeni imeongezeka mara 10. Shaba iliyokosa mahali pa kukaa huingia kwenye maji, na maji hayo ndiyo mzizi unayoyanywa. Mzizi uliolewa shaba huacha kurefuka, huwa mnene na mfupi, na mche hufa kiu hata mvua ikinyesha. Udongo mwekundu wa Katanga kwa asili yake una viti vichache na chokaa kidogo, isipokuwa ndani ya vile vichuguu virefu vya mchwa, ambamo hukutwa vinundu vya kalsiamu kaboneti. Wakulima hupenda kupanda juu yake au ubavuni mwake, na wanajua kwa nini bila kusoma pH.

Ukifikiri hivyo, dawa inajionyesha. Ondoa asidi kwa chokaa, ongeza viti kwa mboji. Lakini ilichukua muda mrefu kwa watu kuiona, pengine kwa sababu shaba ilikuwa dawa kabla ya kuwa sumu. Mwaka 1885, Alexis Millardet, profesa wa botania Bordeaux, alitangaza mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa uliookoa mizabibu ya Ufaransa kutokana na ukungu. Chokaa ndani yake haikuwa pambo. Salfeti ya shaba ikinyunyiziwa peke yake huunguza majani. Chokaa huigandisha shaba ili itoke kidogokidogo, kiasi cha kuua kuvu bila kuua mzabibu. Kanuni nzima ya kuituliza metali ilikuwemo ndani ya ndoo hiyo, kwenye jani badala ya ardhini.

Ardhini ilionekana Florida. Wakulima wa michungwa wa jimbo hilo la Marekani walinyunyizia shaba na kuitia kwenye mbolea kwa miongo, juu ya udongo wa kichanga wenye uchachu, mpaka miti ikaanza kugeuka njano na mizizi kudumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Walter Reuther na Paul Smith walionyesha kwamba kilichorundikana ni shaba. Ushauri uliofuata ulikuwa rahisi: acheni shaba, tieni chokaa hadi pH ikaribie 7. Miti ikapona juu ya shaba ileile.

Upande wa viwanda, Waingereza walikuwa na jeraha la zamani. Bonde la chini la Swansea, huko Wales, liliyeyusha sehemu kubwa ya shaba ya dunia katika karne ya 19, na lilipoachwa lilibaki jangwa la mabaki ya matanuru. Mwaka 1961 ulianza mradi wa kulifufua, na wataalamu wakajaribu takataka za majumbani, majivu ya makaa ya mawe na tope la maji machafu juu ya vilima hivyo. Karibu na wakati huo, Anthony Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Liverpool alikuwa akikusanya nyasi zilizoota zenyewe kwenye migodi iliyokufa. Aligundua kwamba nyasi hizo zimerithi uwezo wa kuvumilia metali na huupitisha kwa watoto wao. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana mbegu zilizouzwa madukani. Moja, iliyoitwa Parys kwa jina la mlima wa shaba wa Wales, ilikusudiwa hasa udongo wenye shaba na uchachu.

Lakini mji unaofanana zaidi na Lubumbashi uko Kanada, jimboni Ontario. Sudbury iligundulika mwaka 1883, reli ya kuvuka nchi ilipokata mwamba wenye nikeli na shaba. Hadi mwaka 1929 madini yalichomwa nje, juu ya marundo ya magogo yaliyofuka kwa wiki na miezi karibu na ardhi, na msitu uliokuwa jirani ukakatwa kulisha moto uleule. Udongo ulipokosa mizizi, ulitiririka, ukaacha mwamba mtupu uliogeuka mweusi. Takriban hekta 20,000 zikawa hazina kitu. Wanaanga wa Apollo walipofika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walisema wamekuja kwa sababu panafanana na Mwezi. Si kweli; walikuja kujifunza miamba ya shimo kubwa lililochimbwa na kimondo kale. Lakini watu wa Sudbury walichoshwa na utani huo, na naamini aibu ilichangia kuwaamsha kama vile sayansi ilivyochangia.

Mwaka 1972 kampuni ya Inco ilijenga dohani ya mita 381 na moshi ukatawanywa mbali zaidi. Hewa ya mji ikawa afadhali. Vilima havikubadilika, kwa kuwa asidi na metali vilikwisha kuingia. Keith Winterhalder, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Laurentian, alianza kujaribu vipande vidogo: hapa mbolea, pale mbegu, pale chokaa. Alichokiona kilishangaza. Palipotiwa unga wa mawe ya chokaa yenye magnesi, bila kulima na bila kuleta udongo mpya, mimea ilianza kuingia yenyewe. Miti aina ya birch ambayo mbegu zake zilikuwa zikipeperuka na kufa kila mwaka sasa ilishika. Metali ilikuwepo yote. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa.

Kisha ikaja ajira, au tuseme ukosefu wake. Inco ilipunguza wafanyakazi kwa wingi mwaka 1977, na wanafunzi wa mji wakakosa kazi za likizo. Mwaka 1978 fedha za umma za kutoa ajira zikaelekezwa kwenye vilima. Trekta haikuweza kupanda kwenye miamba ile, kwa hiyo vijana walijipanga mstari, wakabeba mifuko ya chokaa, wakaipasua na kuitawanya kwa mikono, hadi tani 10 kwa hekta, yaani kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Baadaye walipita tena na mbolea, kisha na mbegu za nyasi na za jamii ya kunde. Ulikuwa mradi wa mishahara kabla haujawa mradi wa mazingira, na kwa maoni yangu ndiyo sababu haukufa: kila kiangazi kulikuwa na mtu aliyehitaji kazi hiyo ifanyike. Zaidi ya hekta 3,400 zimetiwa chokaa kwa njia hiyo. Mwaka 2022 ulipandwa mti wa milioni 10, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Jane Goodall, ambaye Watanzania wanamjua kwa sokwe wa Gombe.

Lubumbashi nayo ilipata anguko lake la ajira, bila mifuko ya chokaa. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines, kampuni iliyolisha mji kwa mishahara, shule, hospitali na mgao wa unga. Katika miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji wa miji. Na ilipofika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo na kuondoka. Watu wakarudi kwenye jembe. Kwenye viwanja vya nyumba, kandokando ya mito na kwenye mabonde yenye maji, familia zililima lengalenga, matembele na kabichi ya Kichina, mboga za kulia bukari (ugali), na ziada ikapelekwa sokoni. Mabonde yenye maji ndiyo pia yaliyokuwa yamepokea udongo uliotiririka kutoka maeneo yaliyo wazi.

Madaktari na wanakemia walianza kupima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven, ulipima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Kwa wale walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda, kobalti ilikuwa mara 43 ya ile ya watu wa eneo la kulinganishia. Wataalamu wa kilimo wa chuo hichohicho nao walikusanya mboga za majani kutoka masoko ya mji na kukuta metali nyingi kupita viwango vinavyokubalika.

Wakati huo Kitivo cha Kilimo kilikuwa na jaribio lake. Mylor Shutcha, Michel Mpundu na wenzao, wakishirikiana na watafiti wa Brussels na Gembloux, walitaka kujua kama yale yaliyofanyika Wales na Sudbury yanawezekana kwenye udongo wa kitropiki, kwa vitu vinavyopatikana Lubumbashi. Hawakuagiza mbegu ya Parys. Walikwenda kwenye vilima vya shaba na kurudi na ile nyasi fupi, Rendlia altera. Waliongeza nyasi nyingine ya huko, Monocymbium ceresiiforme, na ya tatu ikawa ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, unaoota kwenye kila uwanja wa mpira.

Jaribio lenyewe linafaa kuangaliwa kwa karibu. Vitalu vilitiwa shaba miligramu 2,500 kwa kila kilo ya udongo. Vingine viliachwa hivyo, vingine vikachanganywa na mboji kilo 4.5 kwa mita ya mraba, vingine na chokaa gramu 200, kiasi cha konzi chache. Nyasi zilifuatiliwa kwa miaka miwili: ngapi zimeishi, ngapi zimetoa masuke, majani yake yana shaba kiasi gani. Aprili 2007 na Aprili 2008 udongo ulitikiswa kwenye maji yenye chumvi dhaifu ya kalsiamu, maji yakachujwa, na shaba iliyotoka ikapimwa.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho moyo wa jambo lote. Ukiuyeyusha udongo kwa asidi kali utapata miligramu 2,500 kabla ya chokaa na miligramu 2,500 baada ya chokaa, na ofisa anayesoma namba hiyo pekee atasema hakuna kilichofanyika. Maji ya chumvi dhaifu huchukua tu kile kilicho tayari kuondoka, kile ambacho mzizi au mvua vingekichukua. Nchi nyingi zimeandika viwango vyao kwa namba ya kwanza. Kwa kutunga sheria hiyo ni rahisi, kwa mtu anayeishi juu ya udongo huo inaficha karibu kila anachotaka kujua.

Matokeo yalikuwa hivi. Kwenye vitalu vyenye shaba visivyotiwa chokaa wala mboji, Rendlia iliishi kuliko wenzake, ikifuatiwa na Monocymbium. Ukoka ulihitaji chokaa ili uishi. Chokaa ilifanya nyasi zizae zaidi na kupunguza shaba kwenye majani kuliko mboji ilivyofanya. Ila katika jaribio la pili, ambamo mboji ilipandishwa hadi kilo 22.5 kwa mita ya mraba, Rendlia iliishi zaidi na kutoa masuke mengi zaidi, na watafiti wakashauri chokaa na mboji zijaribiwe pamoja. Baadaye walihamia Penga Penga kwenyewe, kwenye udongo mtupu wenye uchachu uliochafuliwa na kiwanda, wakapandikiza mafungu ya nyasi hiyo na kuchanganya vyote viwili, wakafuatilia kwa miaka mitatu; kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015.

Shaba kwenye majani ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Nyasi inayovuta shaba na kuipeleka juu ingefaa kwa mtu anayetaka kuivuna, lakini kwa ardhi iliyochafuka kiasi hicho mavuno hayo yangechukua karne, na huku mbuzi wanakula. Kinachotakiwa ni nyasi inayoshika udongo kwa mizizi na kuiacha shaba huko chini. Chokaa bila nyasi huondoka na mvua ya kwanza kubwa pamoja na udongo wenyewe. Nyasi bila chokaa, labda iwe ile ya vilimani, haifiki mwaka wa pili.

Nayo chokaa ina mambo yake. Inaituliza shaba, zinki, risasi na kadimi, lakini aseniki ina tabia tofauti: pH ikipanda, inaweza kulegea na kuingia kwenye maji, na moshi wa Lubumbashi ulibeba aseniki pia. Mboji huikamata shaba vizuri, ila sehemu yake inayoyeyuka huweza kuibeba na kushuka nayo. Halafu, kwenye joto la tropiki, mboji huoza na kupungua. Kilo 22.5 kwa mita ya mraba ni tani 225 kwa hekta. Kwenye kitalu cha utafiti inawezekana. Kwa bonde zima, mji mzima ungelazimika kuacha kuchoma takataka zake na kuanza kuziozesha, jambo ambalo mimi ningelipenda kwa sababu nyingine pia.

Lipo na suala la mboga, ambalo watu huliuliza kwanza na kwa haki. Kitalu kilichofunikwa na Rendlia hakijawa shamba la lengalenga. Kuifunga shaba kiasi kwamba nyasi ya mlimani inaota ni jambo moja, kuifunga kiasi kwamba mtoto anakula jani la hapo kila siku ni jambo jingine, hasa kwa kadimi na kobalti, ambazo hung'ang'ania udongo kwa nguvu ndogo kuliko shaba na hupanda kwenye majani kwa urahisi zaidi. Isitoshe sehemu ya metali iliyokutwa kwenye mboga haikupitia kwenye mzizi kabisa. Ilikuwa vumbi lililotua juu ya jani. Hilo chokaa hailigusi. Huondolewa kwa kuosha mboga kwa maji mengi safi, na hupungua ardhi ya jirani ikifunikwa ili isipeperuke. Kwa maana hiyo nyasi ya Penga Penga inamsaidia mlaji wa lengalenga wa mtaa wa pili kuliko inavyomsaidia anayetaka kulima papo hapo.

Chokaa yenyewe haiko mbali. Kakontwe, karibu na Likasi, kuna machimbo ya mawe ya chokaa ambayo kwa miongo yamewauzia wenye viwanda vya shaba na kobalti chokaa ya kupunguza asidi ndani ya matangi yao. Kwa kipimo cha vitalu vya chuo, hekta moja inahitaji tani 2. Kwa kipimo cha Sudbury, tani 10. Hekta 100 kwa kipimo hicho kikubwa ni tani 1,000, yaani malori 40 ya tani 25 kwenye barabara ya kutoka Likasi, na vijana wa kuitawanya kwa mikono pale trekta isipofika. Kisha, mvua zikishaiosha na pH kuanza kushuka tena, malori mengine.